Bonge la damu halisubiri basi la asubuhi

Saa nane usiku mzee anafikishwa kituo cha afya mkoani Mtwara, jasho jembamba likimtoka, kiganja amekikandamiza kifuani. Anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, anarudishwa nyumbani.

Mjadala wetu wa shambulio la moyo, yaani bonge la damu kuziba mshipa wa moyo, ungeanzia hapo. Lakini tunapenda kuanzia kwenye puto linalotanua mshipa ulioziba na stenti, kijibomba cha wavu kinachouacha wazi, na sababu zipo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inazibua mishipa kwa upasuaji wa tundu dogo. Zamani wengi walilazimika kwenda India. Uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa waliozibuliwa kwa puto walifariki 7%, waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge 9%. Dawa hiyo pia huweza kuvujisha damu ubongoni, takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Wanaotaka mitambo zaidi ya Cathlab, chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, hawakosei.

Ila ubora wa puto una saa yake. Miongozo ya Ulaya inasema mgonjwa akishindwa kufikiwa na puto ndani ya dakika 120 tangu kugunduliwa, apewe dawa ya kuyeyusha bonge. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Na dawa si kitu cha kubezwa: mwaka 1988, katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 17,000, aspirini pekee ilipunguza vifo kwa karibu robo, ikiunganishwa na streptokinase, dawa ya kuyeyusha bonge, kwa 42%.

Ndiyo maana mimi ningeanza na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Nyaya kumi, karatasi ya vijiraba. Mshipa ukiziba, sehemu ya mstari iliyopaswa kulala inanyanyuka kama mgongo wa kilima. Kipimo cha kwanza kinaweza kutoka safi, hivyo kirudiwe, na troponini, protini inayovuja damuni moyo ukiumia, ipimwe pale maabara inapoweza. Asiyejua kuusoma mstari apige picha, amtumie daktari bingwa kwa simu.

Hata hivyo dawa haimalizi kazi. Katika jaribio la STREAM la mwaka 2013, zaidi ya theluthi moja ya waliopewa dawa walihitaji kupelekwa haraka kwenye Cathlab. Kwa hiyo mtambo wa Dar unabaki wa lazima, na gari la wagonjwa liondoke dawa ikishaingia mshipani, bila kungoja kuona kama imefanya kazi.

Yule mzee alistahili ECG ndani ya dakika 10 tangu avuke mlango. Kituoni pale, hata karatasi ya mashine ingekuwapo?