Gari la Kuvua Paa Usilinunue Mombasa

Khala yangu, ndugu wa mama, alipoliona mara ya kwanza alikuwa amekaa barazani kwake Kibokoni, leso begani, anachambua mchicha. Aliliangalia kutoka mbele hadi nyuma, akarudi mbele tena, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona hawakukumaliziya?"

Nikamwambia paa lipo, limekunjwa nyuma ya viti. Akataka alione. Nikalivuta, nikalibana kwa vishikio vyake viwili juu ya kioo cha mbele. Akatikisa kichwa. "Sasa si uliwate vivyo hivyo, uwe kama watu?"

Tangu siku ile nimeambiwa mengi, lakini hakuna aliyenishinda kwa maneno kama khala. Wengine husema ningechukua Probox, ningebeba mizigo, ningeuza bila hasara. Wana haki. Probox ni gari la akili. Ila mtu akitafuta gari la viti viwili akiwa na miaka 43, hesabu za akili amekwisha kuzipiga na matokeo yake hayakumfurahisha.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kwa miaka 16 nimetoa magari ya watu pale bandari ya Kilindini: Noah, Fielder, malori, ambulensi, na wakati mmoja gari la kubebea maiti ambalo mwenyewe alikuwa na haraka nalo kupita kiasi, nikaogopa kumuuliza sababu. Langu mimi lilikuwa Corolla ya kurithi kwa marehemu baba. Kwa hiyo niliposema sasa nanunua langu, la kuvua paa, wenzangu ofisini wakadhani nitaliagiza Japani nilipokee kwenye meli. Haliwezekani hilo, na ndipo wengi wanaoota ndoto kama yangu wanapokwama kabla hawajaanza. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingie likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Nililolitaka mimi ni Mazda Roadster ya kizazi cha pili, ile ambayo Ulaya huitwa MX-5 na Marekani Miata, na kiwanda kiliacha kuiunda 2005. Zilizopo nchini ziliingia zamani, zimepita mikono miwili mitatu, na kila mkono umeacha alama yake. Za kizazi cha sasa, zilizoanza 2015, mpya mpya zake sheria inaziruhusu, lakini ukishajumlisha ushuru unajikuta unauliza bei za viwanja Mtwapa.

Kwa nini hiyo, na si nyingine? Kwa sababu ni nyepesi, tani moja na kitu kidogo, na haina mambo mengi. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Chicago 1989, kizazi cha kwanza, waundaji walikuwa wametazama magari madogo ya wazi ya Waingereza ya miaka ya 60, Lotus Elan likiwemo, wakayachukua yote isipokuwa tabia ya kuharibika njiani. Injini yake ni ukoo mmoja na zile zilizokuwa kwenye Mazda Familia, gari ambalo kila fundi wa Mombasa mwenye mvi amewahi kulifungua. Hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko nguvu za farasi. Gari la spoti ambalo fundi wako analiogopa ni pambo la ua.

Jirani yetu mmoja, mzee wa miaka sabini na ushei, ndiye pekee aliyenielewa bila maelezo. Alipapasa boneti akaanza kunihadithia Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally 1971, ikarudi kushinda 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Akamaliza kwa kuniambia kwamba langu ni dogo mno. Nikanyamaza.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Magari yote haya yanashukia Mombasa, kwa hiyo mtu wa Mombasa hujiona amekaa chanzoni na hana haja ya kutoka kwenda kununua kwingine. Kwa gari la kuvua paa, mawazo hayo yatakutia hasara. Niliyaangalia matatu hapa hapa kabla sijaelewa.

La kwanza lilikuwa Nyali, jekundu, linang'aa kama tende. Mwenyewe alikuwa kijana mstaarabu, akanikaribisha juisi ya ukwaju. Nilikuwa nimekwenda na fundi wangu wa Shimanzi, mtu asiyependa maneno. Hakufungua hata boneti. Alipiga magoti kwenye mlango, akatoa sumaku ndogo mfukoni, ile ya kubandika kwenye friji, akaiburuta kwenye kizingiti cha chini, pale unapopitisha mguu ukiingia. Mbele ilishika. Ilipofika karibu na tairi la nyuma ikaanguka chini. Akaiokota, akairudisha, ikaanguka tena. Chini ya ile rangi nzuri palikuwa na pati tupu, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, chuma kimekwisha kuliwa.

Namna kutu inavyoingia pale inafaa kujulikana, maana hutaiona kwa macho. Mvua ikilinyeshea paa la turubai, maji huteremka kwenye mfereji wake, yakaingia kwenye vijitundu viwili nyuma ya viti, kimoja kila upande, yakatokea chini ya gari. Vijitundu hivyo vikizibwa, maji hayana pa kwenda ila kumwagika ndani ya vile vizingiti, yakakaa humo. Na Mombasa vitazibwa tu, kwa sababu nusu ya mji huu huegesha gari chini ya mwarobaini. Jani la mwarobaini ni dogo, jembamba, linapenya popote. Ongeza chumvi inayopeperushwa na kusi kutoka baharini usiku kucha. Gari lenye paa la bati huliwa na chumvi kutoka nje, ukaona malengelenge mapema ukashtuka. Hili huliwa kutoka ndani, na siku unayoliona tundu, huna kizingiti.

La pili na la tatu yalikuwa vivyo hivyo, moja likiwa na zulia bichi chini ya miguu ya abiria katikati ya kiangazi. Kati ya la pili na la tatu niliingia mkononi mwa dalali aliyekuwa na picha za gari safi kabisa. Nikamtumia elfu ishirini za "kulishikilia" kwa simu. Bado analishikilia. Mimi, ninayewaonya wateja kila siku wasilipe kabla ya kuona karatasi!

Fundi ndiye aliyesema, kwa upole wake wa kukata: "Bwana, tafuta lililokaa bara." Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake haina chumvi. Jua la kule huchoma rangi na kukausha turubai, lakini rangi hupakwa na turubai hushonwa. Chesisi haishonwi. Baada ya miezi minne nikalipata kwa mama mmoja mhandisi anayeishi upande wa Lang'ata, amelimiliki tangu lilipoingia nchini, risiti zote kwenye faili la kijani, ikiwemo ya mkanda wa injini uliobadilishwa kilomita elfu tano tu nyuma. Rangi ilikuwa imepauka boneti nzima. Sumaku ilishika kila mahali. Nikalala chini kwenye kokoto na suruali yangu ya kazi, nikamimina maji ya chupa kwenye vile vijitundu, na yakatoka upande wa pili kama inavyotakiwa. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia maji kudondoka kwenye kokoto kama siku ile.

Alitaka laki tisa na nusu, tukaafikiana laki nane na sabini. Uhamisho wa umiliki tuliufanya kwenye simu zetu hapo hapo, yeye akaanzisha, mimi nikakubali, ndipo pesa ikatoka benki. Alipokuwa ananikabidhi ufunguo akanisisitiza nisilivue paa kwa pupa asubuhi ya baridi, turubai hupasuka. Nikamwambia mama, natoka Mombasa. Akacheka, lakini akarudia.

Tulishuka nalo mimi na fundi, kilomita 480 hivi. Ukilikalia gari hilo unakuwa chini kiasi kwamba nati za tairi la lori ziko usawa wa sikio lako, na barabara ile ni ya malori. Paa tulilifunga kutoka Mlolongo hadi tulipokwisha kupita Mariakani. Redio yake ya Kijapani inaishia kwenye 90, stesheni zetu nyingi haizijui, kwa hiyo fundi akaimba taarabu karibu njia nzima, na nilivyogundua, yule mtu wa maneno machache ana sauti. Mazeras tukasimama, tukavua. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Harufu ya Mombasa nimeinusa maisha yangu yote kupitia dirishani, lakini kuipokea usoni mzima, dizeli na samaki na maji chumvi kwa pamoja, ni jambo jingine.

Aibu zake sizifichi. Kampuni mbili za bima zilikataa kulikatia bima kamili kwa sababu ya umri wake, nikabaki na ya mtu wa tatu. Maji yakikatika mtaani, mtungi mmoja ndio unaoingia kwenye buti, wa pili hukaa kiti cha abiria ukafungwa mkanda. Feri ya Likoni nilivuka nalo mara moja, siku ya bamvua maji yamekupwa sana, ile njia ya kushukia imesimama kama ngazi. Bampa la mbele likakwaruza kwa sauti iliyowafanya abiria mia kadhaa waseme "pole" kwa wakati mmoja. Sasa nikienda Diani nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Turubai lilipoanza kufumuka pembeni nililipeleka kwa fundi anayeshona viti vya matatu, naye akalitia uzi wa kushonea tanga. Halivuji. Na vile vijitundu navizibua kila Ijumaa baada ya sala kwa kipande cha waya laini, kama mtu anayesafisha masikio ya mtoto.

Kisha kuna jua. Watu wa bara hudhani pwani ndiko kwenyewe kwa gari la wazi, eti upepo na minazi. Jaribu saa saba mchana, umekwama Makupa katikati ya tuktuk mbili. Kichwa kinapikika. Gari hili lina saa zake: baada ya alfajiri mpaka kama saa moja na nusu, na kuanzia alasiri jua likishalegea hadi usiku. Saa nyingine lifunge paa, liegeshe kivulini, na kivuli chenyewe kisiwe cha mwarobaini.

Na mwendo wake? Hapa ndipo nilipojikosea zaidi nilipokuwa nanunua. Nilisoma mambo ya kona na gia, nikapima springi, nikabadilisha shokamzoba. Hayo yote ni kweli, gari linajipinda kwenye mzunguko wa barabara kama samaki. Lakini mji huu hauna nafasi ya kwenda mbio, na hata ungekuwa nayo, huwezi kumpita mzee huna paa wala kioo kati yako naye ukaacha kumwamkia. Ndani ya Corolla nilikuwa najifanya sikuona. Sasa naonekana hadi magoti. Kutoka Tudor hadi ofisini ni masalkheri na sabalkheri mfululizo, "watoto hawajambo?", muuza madafu ananiuliza kiti cha pili ni cha nani, makondakta wananishauri nioe wa pili ili kisikae bure. Nilidhani nanunua gari la spoti. Nimenunua baraza, nikalitia gia. Laiti ningejua mapema, shokamzoba ningeziacha, pesa ningezitia kwenye viti.

Khala alikataa kulipanda kwa wiki sita. Mwezi uliopita, baada ya alasiri, akanipigia simu akasema amechoka kukaa ndani, nimpeleke ufukweni Mama Ngina akapunge upepo, "na hilo lako silo lililo karibu, basi?" Akapanda na buibui lake amelibana vizuri, pakiti ya mabuyu mapajani. Akakataa nifunge paa. Tulipotokea barabarani akawa anaamkia watu upande wake, mimi wangu, mpaka midomo ikatuchoka. Kisha ghafla akanishika mkono.

"Hebu funga paa. Hapo mbele ni kwa watu hatusemezani nao."

Nikamweleza kwamba paa la gari hili halifungwi likiwa linakwenda, ni lazima nisimame, nilivute kwa mkono. Na pa kusimama palikuwa pale pale mbele ya mlango wao.

Khala akatafuna buyu, akafikiri.

"Basi kaza mwendo."