Tatra: Tufunge Njia au Tuwaachie Wapandaji Waamue?

Milima ya Tatra imekaa mpakani mwa Poland na Slovakia, na majira ya baridi yakiingia kila nchi hushika lake. Slovakia kwa muda mrefu imekuwa ikifunga njia za juu kuanzia 1 Novemba hadi majira ya kuchipua yaelekee ukingoni, kwa sababu ya usalama na pia kuwapa wanyama utulivu. Wapandaji wenye ujuzi, wanachama wa vyama vya upandaji, huruhusiwa kwa masharti. Poland huacha njia nyingi wazi: taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji hutolewa, na kupanda au kurudi ni juu yako. Theluji haijui mpaka huo.

Wanaotaka kufungwa wana hoja nzito. Tarehe 28 Januari 2003, poromoko lilikumba msafara wa shule ya sekondari ya Tychy ukipanda mlima Rysy kwa upande wa Poland. Watu 8 walikufa. Theluji ilipasua barafu ya ziwa lililo chini, na wapiga mbizi wakalazimika kutafuta miili majini. Vijana wale walimfuata kiongozi. Unaposema "kila mtu ajiamulie", yupi kati yao aliamua?

Kuna pia waokoaji. Shirika la uokoaji la Tatra upande wa Poland lilianzishwa mwaka 1909, mwaka uleule mtunzi wa muziki Mieczysław Karłowicz alipofukiwa na theluji akiwa peke yake chini ya kilele cha Mały Kościelec. Tarehe 30 Desemba 2001 waokoaji wawili walikufa katika poromoko wakienda kuwasaidia watalii. Nikiwaza watu hawa, neno "uhuru" huniwia zito kulitamka.

Hata hivyo, kalenda ni kipimo kibovu cha theluji. Poromoko hatari zaidi kwa mpandaji ni la bamba: tabaka gumu lililokalia tabaka dhaifu, juu ya mteremko ambao mara nyingi ni wa nyuzi 30 hadi 45. Upepo ukihamisha theluji usiku mmoja, upande mmoja wa bonde huwa mtego na ule wa pili ukabaki salama. Kuna siku za Februari ambazo mlima umetulia kabisa, na kuna siku za Oktoba, kabla njia hazijafungwa, ambazo unaua.

Chimba shimo uone. Tenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande, laza beleshi juu yake, kisha gonga mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono tu, mara 10 kwa kiwiko, mara 10 kwa mkono mzima kutoka begani. Wakati mwingine pigo la tatu tu linatosha: bamba lote linateleza mbele kama droo, na chini yake unakuta chembe kubwa zisizoshikana, zinamwagika kiganjani kama sukari. Maarifa hayo hayapatikani kwenye kibao cha "njia imefungwa". Tena, takriban mara 9 kati ya 10 katika ajali zinazoua watu milimani, bamba hukatwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Kwa hiyo anachokijua mpandaji kina uzito mkubwa kuliko bahati.

Mimi naegemea upande wa kuacha wazi, ila si kwa namna inavyofanyika sasa. Tatizo langu ni daraja la 3 katika taarifa ya hatari. Barani Ulaya hatari hupimwa kwa madaraja matano tangu 1993, na msomaji akiona 3 anaona katikati, anajiambia leo si vibaya. Kumbe kwenye milima ya Alps vifo vingi hutokea siku za daraja hilohilo: mlima haujaanza kuporomoka wenyewe kwa wingi, lakini uzito wa mtu mmoja unatosha kuuamsha. Daraja la 5 halihitaji kibao, kwani kila mtu yuko ndani.

Basi fungeni kwa siku na kwa mteremko, kama barabara za milimani zinavyofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Misafara ya wanafunzi ipewe sharti lake, kali zaidi: daraja la 3 likitangazwa, hakuna kugusa mteremko unaofika nyuzi 30. Watu wazima waachiwe, mradi kila mmoja abebe kifaa cha mawimbi ya kutafutana, fimbo ya kupekulia na beleshi, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Aliyefukiwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 aghalabu huishi. Nusu saa ikipita, wengi hawaponi. Helikopta haiwezi kuahidi kuwahi muda huo. Atakayewahi ni yule uliyepanda naye.