Kabla Hamjamwamini Kevo

Kevo ameshawaambia kwamba nimefua zulia la jirani kwa maji ya rejeta. Mwongo huyo. Mimi sikufua kitu. Zulia lilipitiwa tu.

Gari langu mnalijua, na mnajua fundi aliniitisha ngapi kubadilisha kulanti tu, yale maji ya rejeta ya kupoza injini. Nikasema hapana, hii kazi hata mtoto anaiweza. (Hilo neno mtoto mliweke kando, tutalihitaji.) Jumamosi asubuhi, injini baridi, nikalala chini ya gari hapa kwenye ploti yetu Donholm, nikafungua kile kizibo cha plastiki cha chini ya rejeta, maji yenye rangi ya chai ya jana yakateremka kwenye beseni. Safi. Yalipoisha, beseni nikalifungia stoo papo hapo, maana kulanti ni sumu na paka akiilamba inaweza kumuua. Paka nilimkumbuka, jamani. Hilo mniandikie.

Nafungua galoni ya lita 5, vijana wa ploti washakusanyika, nami nikipata watu watatu nageuka mwalimu. Nikawaeleza kwamba Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama Mombasa, ndiyo maana kifuniko cha rejeta lazima kishike presha. Naongea, namimina. Lita moja. Mbili.

"Mbona haijai?"

"Inaingia kwenye injini kwanza, hewa itoke. Rejeta ikiwa na kiu huwa hivyo."

Namimina. Tatu. Hapo kasichana ka Mama Shiko, miaka mitano, kakasema:

"Anko, mbona gari inakojoa?"

Nikacheka. Vijana wakacheka. Halafu vijana wakaacha kucheka, wote wanaangalia chini. Nami nikainama polepole, galoni mkononi, na bado inamwagika. Mto wa pinki ulikuwa umetoka chini ya bampa, ukafuata ufa wa simiti, ukakuta ndala za mtu, ukazizunguka kwa heshima, kisha ukateremka moja kwa moja kwenye zulia la rangi ya maziwa ambalo Mama Shiko alilianika tangu saa mbili. Niliuona ukifika. Zulia likaanza kunyonya pembeni, taratibu, kama andazi kwenye chai. Hakuna aliyesema kitu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

Kizibo. Nilikiweka hapo kisipotee.

Yaliyofuata ni mafupi: kelele, sabuni, mbio hadi dukani kununua galoni nyingine, pole zisizohesabika. Kevo naye alikuwa kwenye ngazi na simu yake, kazi yake mnaijua. Mama Shiko hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniangalia tu, akasema, "Si ungeita fundi, baba?"

Gari halichemki, naomba hilo nalo Kevo alitangaze. Nilipanda nalo hadi Limuru Jumapili na mshale haukutikisika. Zulia limeshaoshwa mara tatu. Kila asubuhi linaanikwa kwenye kamba, na doa linatazama mlango wangu.