Mabao 19 ya ziada hayakuipa Barcelona ubingwa wa 2007, na ndivyo ilivyopaswa

Ubishi wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, ukifika kwenye msimu wa 2006/07, shabiki wa Barcelona hutoa takwimu moja akaamini kesi imekwisha. Barcelona walimaliza na tofauti ya mabao (ya kufunga ukitoa ya kufungwa) +45, Real Madrid +26. Pointi 76 kwa 76, na kombe likaenda Bernabéu, uwanja wa Madrid. Kwa sisi tuliokulia kwenye Ligi Kuu ya England, ambako timu zikilingana pointi jicho linakimbilia moja kwa moja kwenye safu ya mabao, hesabu hiyo inanuka dhuluma. Timu imefunga mabao 78, mwenzake 66. Imefungwa 33, mwenzake 40. Imepoteza mechi 6, mwenzake 8. Bado inaambiwa ni ya pili!

Na shabiki huyo ana silaha kali zaidi ambayo mara nyingi haitumii. Sevilla, walioshika nafasi ya tatu kwa pointi 71, walikuwa na +29. Maana yake bingwa wa Hispania mwaka ule alikuwa wa tatu kwa tofauti ya mabao. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila nadhani kanuni iliyowapa Madrid taji lao la 30 inasemwa vibaya kuliko inavyostahili, kwa sababu wengi wanaoilaumu hawajawahi kuyafungua hayo mabao 19 ya ziada wakaona yalitoka wapi.

Kwanza kanuni yenyewe. Hispania, timu mbili zikimaliza msimu zikiwa sawa kwa pointi, yanatazamwa kwanza matokeo ya wao kwa wao: nani alichukua pointi nyingi katika mechi mbili walizokutana. Zikiwa sawa, inatazamwa tofauti ya mabao ya mechi hizo mbili. Ikishindikana hapo ndipo inakuja tofauti ya mabao ya msimu mzima, kisha idadi ya mabao ya kufunga. Zikilingana timu tatu au zaidi, inatengenezwa ligi ndogo ya timu hizo peke yao, mechi nyingine zote zinawekwa kando.

Msimamo tunaouona kwenye runinga katikati ya msimu huwa unapanga kwa tofauti ya mabao, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wahasimu wawili wakishamaliza mechi zao zote mbili, aliyeshinda wao kwa wao anatembea na kitu kama pointi moja isiyoandikwa popote. Anayemfukuza hahitaji kumfikia, anahitaji kumpita.

Mwaka ule pointi hiyo ilikuwa ya Madrid. Oktoba 22, 2006 walishinda 2-0 Bernabéu, Raúl dakika za mwanzo kabisa na Van Nistelrooy mapema kipindi cha pili. Machi 10, 2007 Camp Nou, uwanja wa Barcelona, ikaisha 3-3, usiku ambao Messi alifunga mabao yote matatu ya Barcelona, la mwisho likiwa kwenye dakika za lala salama, wakati Barcelona wako kumi uwanjani baada ya Oleguer kutolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Usiku ule tulizungumza kuhusu Messi tu, na ilikuwa haki yake. Lakini ukipiga hesabu baridi, Madrid waliondoka Camp Nou na pointi 4 dhidi ya 1 kwa mechi zote mbili. Timu iliyolala 2-0 mzunguko wa kwanza inahitaji kushinda marudiano kwa mabao 2 ili kusawazisha, 3 ili kuvuka. Barcelona hawakupata hata ushindi wa bao moja.

Sasa tuyafungue hayo 19.

Chukua raundi mbili tu za mwisho mwisho, ya 35 na ya 38. Raundi ya 35 Barcelona waliibamiza Atlético Madrid 6-0, ugenini. Madrid wakashinda 3-2 kwa Recreativo kule Huelva, bao la ushindi akilifunga Roberto Carlos mwishoni kabisa. Raundi ya 38 Barcelona wakashinda 5-1 kwa Gimnàstic mjini Tarragona, Madrid wakaifunga Mallorca 3-1. Kwa pointi, raundi hizo mbili ni 6 kwa 6. Kwa mabao, Barcelona walivuna +10 na Madrid +3. Pengo la mabao 7 kati ya 19 limezaliwa katika siku mbili ambazo timu zote zilifanya kazi ileile iliyotakiwa: kushinda.

Hapo ndipo ninapokwama na hoja ya tofauti ya mabao. Lile 6-0 la Atlético ni la kuheshimiwa, Atlético walimaliza wa saba na hawakuwa timu ya kuokota. Lakini kila mtu anayefuatilia mpira anajua kinachotokea mechi ikishafika 3-0. Beki anaacha kumfuata mtu wake hadi mwisho, kiungo anarudi kwa kutembea, kocha anaanza kuwaza mechi ya wiki ijayo. Bao la nne, la tano na la sita hufungwa dhidi ya watu walioshakata tamaa. Na Gimnàstic ya raundi ya 38 ilikuwa mkiani, imemaliza na pointi 28, haina cha kugombania. Anayesema mabao ni kipimo cha haki kwa sababu timu zote zinacheza na wapinzani walewale asiishie kwenye jina la mpinzani. Gimnàstic ya Septemba yenye ndoto ya kubaki ligi kuu na Gimnàstic ya Juni iliyokwishashuka zinavaa jezi moja, ila mpira wao ni tofauti kabisa. Ratiba ndiyo inayoamua nani anakutana na ipi.

Kinyume chake kipo pia. Desemba 2006 Madrid walifungwa 3-0 nyumbani na hao hao Recreativo, timu iliyokuwa imetoka kupanda daraja. Aibu ilikuwa kubwa na adhabu wakailipa palepale: pointi 3. Ukitumia tofauti ya mabao unawaadhibu mara ya pili mwezi Juni kwa usiku uleule mbaya.

Mtu makini atanijibu papo hapo kwamba hata kanuni ya wao kwa wao inahesabu mara mbili. Ushindi wa 2-0 wa Oktoba ulishalipwa pointi 3, iweje ulipwe tena? Ni kweli, na sina njia ya kulikwepa jibu hilo. Kila kigezo cha kutenganisha timu zilizolingana kinazihesabu baadhi ya mechi mara mbili. Swali la kweli ni mechi zipi zinastahili kuhesabiwa hivyo. Mimi nasema zile ambazo wagombea wawili walisimama uso kwa uso, ambazo hakuna mtu wa tatu wa kulaumiwa, hakuna mpinzani aliyepumzisha wachezaji wala aliyeshuka daraja. Kati ya mechi 38 ni mbili tu ambazo kila bao la mmoja ni jeraha la moja kwa moja kwa mwingine.

Itazame Juni 9, raundi ya 37, mechi zote zinachezwa kwa wakati mmoja. Dakika ya 88 Madrid wako nyuma 2-1 kwa Zaragoza, Diego Milito kafunga yote mawili. Barcelona wanaongoza 2-1 Camp Nou dhidi ya Espanyol, Messi kafunga mawili, moja kwa mkono ambao mwamuzi hakuuona. Msimamo wakati huo: Barcelona 75, Madrid 72. Kisha, karibu kwa pumzi moja, Van Nistelrooy anasawazisha Zaragoza na Raúl Tamudo anasawazisha Camp Nou. Ikawa 73 kwa 73. Kwa kanuni ya Hispania uongozi ulikuwa wa Madrid. Kwa tofauti ya mabao, Barcelona wangebaki juu kwa +41 dhidi ya +24, na bao la Tamudo lingewakera tu bila kuwavua kitu.

Siku ya mwisho, Juni 17, Mallorca walitangulia kufunga Bernabéu kupitia Varela. Wakati wa mapumziko Barcelona walikuwa wanaongoza 3-0 Tarragona, yaani ni mabingwa. Reyes, aliyeingia nafasi ya Beckham, akasawazisha dakika ya 68, na bado Barcelona walikuwa mabingwa kwa sababu sare ingewapa Madrid pointi 74 tu. Diarra dakika ya 80, Reyes tena dakika ya 83. Madrid walilazimika kushinda na wakashinda. Kwa kanuni ya England, kila kilichotokea Bernabéu siku ile kisingekuwa na uzito madhali Barcelona wameshinda Tarragona. Sitaki kulifanya hilo kuwa hoja kubwa, maana msimu mwingine mambo yanaweza kugeuka na kanuni hiyohiyo ikaiua siku ya mwisho.

Turudi upande wa pili, maana una mambo mazito mawili.

La kwanza ni ajali ya kalenda. Samuel Eto'o aliumia goti mwishoni mwa Septemba na hakurudi hadi Februari. Mechi ya Oktoba Bernabéu Barcelona waliicheza bila mshambuliaji wao nambari moja. Ratiba ingepangwa wiki nne mapema, Eto'o angekuwemo. Kanuni inayozipa mechi mbili uzito wa ziada inaupa uzito huohuo majeraha, kadi na makosa ya mwamuzi ya siku hizo mbili. Mabao ya mechi 38 yanaiyeyusha bahati mbaya ya siku moja ndani ya msimu mzima. Hapo tofauti ya mabao ina nguvu, na anayeitetea kwa sababu hiyo anatetea kitu cha maana.

La pili ni aina ya mpira unaochezwa. Bao lisipokuwa na thamani ya baadaye, timu inayoongoza 1-0 haina sababu ya kutafuta la pili. Madrid ya Fabio Capello, na Emerson na Diarra wamesimama mbele ya mabeki, ilijengwa kwa falsafa hiyo. Klabu yenyewe haikuridhika: Capello alifukuzwa Juni 28, siku 11 baada ya kutwaa ubingwa. Ila hata hapa tuwe waangalifu. Timu hiyohiyo iliyoitwa ya kujilinda ndiyo iliyotoka nyuma 3-1 dhidi ya Espanyol mwezi Mei ikashinda 4-3, na ndiyo iliyokuwa na mfungaji bora wa ligi, Van Nistelrooy, mabao 25. Kilichowasukuma ni pointi, na pointi zinasukuma vya kutosha. Madrid walishinda mechi 23, Barcelona 22. Ligi ingekuwa na kanuni ya kutazama idadi ya ushindi, jibu lingekuwa lilelile.

Watu hupenda pia kuutaja ubingwa wa Manchester City mwaka 2012, +64 dhidi ya +56 za Manchester United, kuonyesha uzuri wa kanuni ya England. City walikuwa wameifunga United 6-1 na 1-0. Kwa kanuni ya Hispania kombe lingekwenda mlango uleule.

Mahali ninapokubali kwamba kanuni hii inavuja ni inapohusisha timu tatu. Mei 23, 2015, Deportivo, Granada na Eibar zilimaliza zote na pointi 35, zikigombania nafasi mbili za kubaki. Tofauti za mabao: Eibar -21, Deportivo -25, Granada -35. Siku ile Eibar waliifunga Córdoba 3-0, Deportivo wakatoka nyuma 2-0 wakapata sare ya 2-2 Camp Nou, Granada wakatoka 0-0 na Atlético. Ikatengenezwa ligi ndogo ya watatu, na Eibar, wenye mabao bora kuliko wenzao wote wawili, wakaangukia nafasi ya 18. Waliokoka baadaye tu, Elche waliomaliza wa 13 waliposhushwa daraja kwa sababu ya madeni.

Tatizo la watatu ni kwamba hoja ya uso kwa uso inapotea. Ubora wako mbele ya Granada unaanza kupimwa kwa ulichomfanyia Deportivo, na timu moja ikipata pointi moja zaidi siku ya mwisho, ligi ndogo inavunjika na wawili waliobaki wanaweza kubadilishana nafasi bila ya wao kucheza tofauti. Mchezaji aliye uwanjani hawezi kujua anahitaji nini hadi asikie matokeo ya viwanja vingine viwili. Zikilingana timu tatu au zaidi, ningeiweka tofauti ya mabao ya msimu mzima mbele na kuifuta ligi ndogo. Zikilingana mbili, kama Madrid na Barcelona, ningeziacha mechi zao mbili ziamue.