Orodha Yenye Kipengele Kimoja

Sina ugomvi na nyota za mbinguni. Zilizoniumbua mimi ni zile za kwenye kibodi.

Kazini niliambiwa nitengeneze ukurasa wa kuombea likizo: viambatisho 14 vya kuwasilisha, kisha hatua 9 za kufuata. Nikaupamba haswa. Kila kiambatisho nikakitangulizia kinyota (*), mwishoni nikatia br, ile tagi, yaani alama ya msimbo, ya kukata mstari, halafu nikasukuma mistari kwa nafasi tupu mpaka ikasimama wima kama askari wa gwaride. Jioni nzima iliishia hapo. Kwamba HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ina ul ya kutengeneza orodha na li ya kila kipengele chake, nilijua; zimo tangu mwaka 1991, kwenye maelezo ya kwanza kabisa ya tagi aliyoyaandika Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti. Ila ul ilikuwa inaniwekea vidoti vinene vyeusi, nami vidoti vile vilinikera.

Siku ya kuonyesha kazi, bosi akamwomba dada mmoja wa uhasibu aujaribu ukurasa. Dada huyu haoni, anatumia NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti. Akaunganisha spika ili wote tusikie. Tukasikia.

"Nyota barua ya msimamizi. Nyota nakala ya kitambulisho. Nyota..."

Kufika nyota ya tano watu wameanza kutazama viatu vyao. Dada akanyamazisha mashine, akabonyeza L. Kwenye NVDA, na hata JAWS, programu nyingine ya aina hiyo, herufi hiyo inakurusha hadi kwenye orodha inayofuata. I inakupeleka kipengele kwa kipengele.

"Hakuna orodha inayofuata," mashine ikajibu.

"Ipo!" nikadakia. "Si hiyo hapo, mbele yako kabisa!" Na kidole nimekinyoosha kwenye skrini. Namwonyesha nani? Chumba kizima kiligeuka kunitazama isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi hapa nahesabu nyota tu, na sijui ziko ngapi. Ungetumia ul, ingeniambia mapema kwamba vitu viko 14, nikajua kama nivute kiti au niruke."

Nikaenda kurekebisha. Tatizo langu ni kwamba nikiaibika huwa sina kiasi. Usiku ule nilitia orodha kila kitu: kichwa cha habari, salamu ya kukaribisha, nembo, mpaka ule mstari wa chini wa haki zote zimehifadhiwa. Kesho yake spika zikawashwa tena.

"Orodha yenye kipengele kimoja. Karibu. Nje ya orodha. Orodha yenye kipengele kimoja. Omba likizo. Nje ya orodha. Orodha yenye kipengele kimoja..."

Bosi akauliza kama mashine imekwama. Haikukwama. Ilikuwa inasoma kwa uaminifu upuuzi nilioandika. Tulipofika kwenye zile hatua 9, nilizoziweka kwenye ol, orodha inayojitilia namba yenyewe, nikasahau kufuta namba nilizochapa kwa mkono, ikaanza: "Moja, moja, jaza fomu. Mbili, mbili, weka sahihi." Ungedhani tunajaribu maikrofoni harusini.

Mara ya tatu nilijipanga. Orodha zikabaki mbili, ul moja na ol moja, na moja kwa moja ndani yake li peke yake, maana ul haitaki maandishi wala tagi za kawaida zikae humo nje ya li. Vile vidoti nikaviondoa kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa: list-style: none. Dada akabonyeza L. "Orodha yenye vipengele 14." Nikajipigia makofi mwenyewe, kwa sauti, ili naye asikie.

Akatoa iPhone yake kwenye mkoba.

Sikujua. Kumbe kwenye kivinjari cha Safari, ukishaondoa vidoti namna ile nje ya nav, tagi ya menyu, VoiceOver, msomaji wa skrini wa iPhone, haitangazi tena kwamba hiyo ni orodha. Vitu vyangu 14 vikasomwa mfululizo kama tangazo la kupotelewa. Likizo yenyewe haijaombwa, nami nimeshakwama Safari! Dawa yake ilikuwa kuongeza role="list" kwenye ul, kuitamkia wazi kwamba ni orodha, maneno machache tu, lakini muda wa kujitetea ulikuwa umepita na watu walikuwa wanafuta machozi.

Ukurasa unafanya kazi sasa, simu na kompyuta. Jina ndilo halijafutika. Nikiingia ofisini peke yangu, dada wa uhasibu anazitambua hatua zangu kabla sijasalimia. "Orodha yenye kipengele kimoja," anatangaza, kwa sauti ileile ya mashine. Najibu shikamoo, nachukua karatasi zangu, nageuka. Mlango ukishajifunga tu nyuma yangu, namsikia:

"Nje ya orodha."