Gari la Porini: Kazi Ipi Ifanyike Uani na Ipi Ipelekwe kwa Fundi

Wamiliki wa Land Cruiser, Prado na Suzuki Jimny hapa Dar es Salaam hubishana mara kwa mara kuhusu nani ashike spana gari linapoandaliwa kwa njia za porini: mwenye gari, uani kwake, au fundi wa gereji. Upande mmoja hudai kwamba kujifanyia mwenyewe ni nafuu na kunatia imani. Upande mwingine hujibu kwamba gari likishainuliwa kwa springi ndefu na kufungwa matairi makubwa si chombo cha kujifunzia tena. Wote wana ukweli wao, ingawa hoja inayotangulizwa zaidi na wale wa kwanza, yaani unafuu, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Hoja hiyo ina nguvu katika nchi ambako ujira wa fundi ni ghali. Kwetu mambo ni kinyume. Springi na shokapu za kuinulia gari huagizwa nje, hulipiwa ushuru, na ndizo zinazomeza bajeti, ilhali ujira wa fundi wa Gerezani au Ilala wa kuzifunga ni sehemu ndogo ya fedha hizo. Anayetaka kufanya mwenyewe sharti kwanza awe na jeki ya nguvu, stendi imara, spana yenye kipimo cha kukazia, na sakafu ya zege, kwa sababu jeki kwenye mchanga wa uani huzama upande mmoja, na hilo peke yake latosha kuua mtu.

Kinachobaki, na kwa maoni yangu ndicho chenye uzito, ni ujuzi na subira. Gari likikwama katika matope ya njia ya Kibiti kwenda Mloka wakati wa masika, gereji iko mbali; aliyelifunga mwenyewe anajua bolti ipi hulegea na nyaya zimepitia wapi. Subira nayo huonekana katika mambo madogo. Bolti zinazopita kwenye bushi, yaani vikombe vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari, kwa mfano, hazikazwi kabisa gari likiwa limening'inia juu ya stendi. Huachwa kidogo, gari likashushwa hadi uzito wote ukae juu ya matairi, kisha ndipo zikakazwa. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umejikunja muda wote na kuchanika mapema. Fundi mwenye magari matano yanayomsubiri huruka hatua hiyo, na mteja hagundui mpaka gari lianze kugonga.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito kuhusu usukani na breki. Gari likiinuliwa, pembe za magurudumu ya mbele na za propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, hubadilika, kitovu cha uzito hupanda, na mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu, inaweza kuwa mifupi. Kipimo chake si kigumu: gurudumu moja liachwe lining'inie mpaka mwisho, usukani uzungushwe kulia hadi kikomo na kushoto hadi kikomo, huku mtu akiutazama mpira wa breki kwa tochi. Ukionekana umekazika, gari halijawa tayari kwenda popote. Matairi nayo hudanganya: ukitoka kipenyo cha inchi 31 kwenda 33, mshale wa spidi ukionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni kama 85, na breki ni zilezile za kiwandani. Ikumbukwe pia kwamba magari haya mengi yanatumia muda mwingi zaidi kwenye foleni za Barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro kuliko porini.

Kwa hiyo mstari ningeuchora kwa kuuliza kifaa kikishindwa kitafanya nini. Taa za ziada, redio ya mawasiliano, sahani za kukinga injini, na bomba la kupandishia mlango wa hewa vinafaa kufanyiwa nyumbani. Bomba hilo hupimwa kirahisi: injini ikiwa katika mwendo wa taratibu, ziba mdomo wa juu, injini ikiendelea kunguruma, kuna kiungo kinachovuja, na maji ya mtoni yatapitia hapohapo. Kuchomelea chesisi, kubadilisha viungo vya usukani na kugusa breki ni kazi ya fundi mzoefu, na alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, ifanywe kwa mashine. Winchi, mashine ya umeme ya kulivuta gari lililokwama, iko katikati, maana ikilemewa huvuta umeme wa karibu ampea 400, na waya mwembamba wa taa huungua mapema.

Kabla ya yote hayo, matairi mazuri ya ukubwa wa kiwandani, yakipunguzwa upepo hadi karibu psi 20 mchangani na kujazwa tena kabla ya kurudi lami, hulipeleka gari mbali kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu bima, wengi huikumbuka baada ya ajali. Mwenye bima kubwa anatakiwa kuieleza kampuni mabadiliko yanayoongeza hatari, na kuinua gari ni mojawapo; akinyamaza, anaipa kampuni sababu ya kukataa dai lake. Barua yenye stakabadhi za vifaa ipelekwe kabla gari halijatoka uani.