Mnofu, mgongo wazi na meza mpya za Kisumu

Mtaani Obunga, jijini Kisumu, wanawake hukaanga kitu kinachoitwa mgongo wazi. Ni uti wa mbuta, samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, pamoja na kichwa na mkia, unaobaki baada ya viwanda kuondoa mnofu na kuusafirisha kwenda kuuzwa ng'ambo. Uti huo huanikwa juani, hukaangwa kwa mafuta mengi, kisha huuzwa kwa familia ambazo samaki mzima amezishinda bei. Nimeanza na mgongo wazi kwa sababu kila ninapotazama migahawa mipya inayochipuka katika jiji letu, na kila ninaposikia watu wakiisifu au kuilaani, swali linalonijia ni lile lile ambalo ziwa limekuwa likituuliza kwa miaka mingi: mnofu unakwenda kwa nani, na mgongo unaachiwa nani?

Migahawa ninayoizungumzia ni ya aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuna mgahawa wa muda, ambao vijana huuita popapu: mpishi hukodi bustani, paa la jengo au ua wa nyumba ya mtu kwa siku moja au mbili, huuza tikiti kwa simu, hupika, kisha hufungasha vyombo vyake na kuondoka. Kuna pia mkahawa wa branchi, yaani mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, wenye mlango na anwani, unaouza kapuchino, mayai na tosti ya avokado kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri, na ambao umepambwa kwa viti visivyofanana na ukuta uliochorwa makusudi ili wateja waupigie picha. Aina zote mbili utazikuta Milimani na upande wa Riat, kama utakavyozikuta Nakuru, jiji lenzetu tangu tarehe 1 Desemba 2021.

Branchi yenyewe ni wazo la Uingereza. Mwaka 1895 mwandishi Guy Beringer alichapisha makala akiwasihi wenzake waache chakula kizito cha mchana siku ya Jumapili na badala yake wale mlo mmoja wa kuchelewa, unaoanza kwa chai, kwa faida hasa ya wale waliokesha Jumamosi usiku. Jumapili ya Kisumu ina mpangilio tofauti: watu huenda ibada ya kwanza au ya pili, kisha hurudi nyumbani kwenye chapati na kuku wa mchuzi, ambako mgeni hufika bila kualikwa na mwenye nyumba huongeza unga kwenye sufuria pasipo kusema neno. Ndiyo maana wazee wengi huiona branchi kuwa njia ya kuikimbia familia. Ninaheshimu hisia hiyo, lakini sikubaliani nayo. Msichana anayekodi chumba kimoja Manyatta na ambaye kwao ni Siaya au Busia hana meza ya nyumbani ya kurudia Jumapili. Akikaa saa mbili mkahawani na wenzake watatu wanaofanya kazi kama yake, anatafuta kile kile ambacho sisi tulikikuta tayari kwenye ua wa nyanya.

Hoja nzito kuliko zote upande wa migahawa ya muda ni ya mtaji. Anayetaka kufungua hoteli ya chakula katikati ya jiji anatakiwa kulipa kodi ya miezi kadhaa pamoja na amana, na mara nyingi gudwili, yaani kitita anachodaiwa ili aachiwe nafasi hata kabla hajanunua sufuria ya kwanza. Kuna leseni ya biashara ya kaunti ambayo hulipiwa mwaka mzima, na kila anayeshika chakula lazima apimwe na kupata cheti cha afya ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Chuo Kikuu cha Maseno na vyuo vya kiufundi vya eneo hili vinafundisha mambo ya hoteli mwaka baada ya mwaka, na wengi wa wanaohitimu huishia kubeba sinia katika hoteli za watu wengine, si kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa mahali pa kuuonyesha. Mgahawa wa muda humpa mpishi wa aina hiyo jiko la siku moja. Akikosea, anapoteza akiba ya mwezi. Hapotezi shamba la babake.

Nilihudhuria mmoja wa migahawa hiyo Jumapili moja katika bustani ya nyumba ya zamani huko Milimani, chini ya mwembe, ambako meza ndefu zilikuwa zimetandikwa leso badala ya vitambaa. Tikiti ilikuwa shilingi 2,500. Sahani ya kwanza ilikuwa chapati nyembamba ya maji ya unga wa mtama na muhogo, juu yake samaki aina ya ngege aliyebanikwa kwa moshi na kuchambuliwa vipande vidogo, pembeni mboga chungu ya osuga iliyolazwa kwa maziwa usiku kucha mpaka uchungu wake ukalainika, vile vile bibi zetu walivyokuwa wakifanya. Kijana aliyeketi mbele yangu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa amegusa osuga tangu amalize shule ya msingi, aliomba kuongezewa. Hilo nililiona kwa macho yangu na sitalidharau. Kwa miaka mingi ugali wa mtama na mboga za kienyeji vimechukuliwa kuwa chakula cha shida, na mgeni wa heshima huandaliwa ugali mweupe na kabeji. Anayevirudisha mezani kwa fahari anafanya kazi ambayo hotuba za wataalamu wa lishe zimeshindwa kuifanya.

Baadaye ukaletwa mchuzi katika vikombe vya udongo. Ulikuwa mweupe kama maziwa, mzito, wenye ndimu na dania, na kwa midomo yangu uliacha utando ule unaoachwa na supu ya mifupa iliyochemka muda mrefu. Nilimfuata mpishi jikoni, yaani chini ya turubai nyuma ya nyumba, nikamuuliza ni wa nini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni mgongo wazi, ameununua Obunga alfajiri ukiwa bado mbichi. Kwenye karatasi ya vyakula, hata hivyo, uliandikwa “supu ya ziwa”.

Nimelifikiria jina hilo mara nyingi. Mpishi alinieleza, na ninamwamini, kwamba angeandika mgongo wazi nusu ya wageni wasingeonja. Lakini kwa kulificha jina alichukua ujuzi wa wanawake wa Obunga, wanaojua uti upi ni mzuri na upi umeanza kuharibika, akauuza bila wao kutajwa. Katika nukta hiyo ndipo ninapoanza kuwaelewa wanaolalamika kwamba migahawa hii inauza utamaduni wetu kwa bei ambayo wenye utamaduni huo hawaimudu. Shilingi 2,500 hulisha kaya nyingi za Obunga kwa siku kadhaa. Hoja ya kawaida ya kujibu lalamiko hili ni kwamba hakuna anayelazimishwa kununua tikiti, na ni kweli, lakini haijibu kilichoulizwa: lalamiko halihusu anayekula tu, linahusu pia anayelipwa.

Lipo lalamiko la pili ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni la sheria. Wakazi wa Kisumu wanaikumbuka Lwang'ni, ufukwe uliobeba jina la Kidholuo la nzi, ambako mteja alikuwa anachagua samaki akiwa mbichi, anaparuliwa magamba mbele yake, anakaangwa kavu au kwa mchuzi, na kuletwa na kuon, yaani ugali, na maji ya kunawa. Vibanda vile vilibomolewa ili kupisha ufufuaji wa bandari. Ardhi ilikuwa ya reli na sidai kwamba serikali haikuwa na haki ya kuidai. Ninachosema ni kwamba akina mama wale walikuwa wakiendesha migahawa ya muda kabla neno popapu halijatufikia: hema la turubai, meza za kukunjwa, jiko linalohamishika, na hakuna uhakika wa kesho. Kutodumu kwao kuliitwa uchafu na uvamizi. Kutodumu kwa mpishi wa Milimani kunaitwa ubunifu. Mama anayechemsha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kando ya barabara hufukuzana na askari wa kaunti, ilhali mgahawa wa bustani huuza tikiti 60 nyuma ya ukuta wa mawe, mara nyingine bila mtu yeyote kumuuliza mwenyewe leseni yake iko wapi.

Wenye hoteli za kudumu nao wana lao, na ni la haki. Wanalipa kodi ya jengo hata mwezi ambao wateja hawaji, wanatozwa ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mauzo yao, wanakaguliwa, halafu Jumapili moja nzuri ya mwisho wa mwezi wateja wao wote wako bustanini kwa mtu ambaye Jumatatu hatakuwepo. Mlaji vilevile yuko hatarini. Ukiumwa na tumbo baada ya kula kwenye hoteli, unajua mlango wa kubisha. Ukiumwa baada ya mgahawa wa siku moja, una namba ya simu tu. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia tikiti mbili kwa M-Pesa kwa ajili ya chakula cha jioni kando ya ziwa, mvua ikanyesha, shughuli ikafutwa kwa ujumbe mfupi ulioahidi kwamba fedha zitarudishwa, na namba ile haikupokelewa tena. Fedha hazikuwa nyingi, lakini mke wangu hajakubali kununua tikiti nyingine hadi leo, na sidhani kwamba ni yeye peke yake.

Walimwengu wengine wamepitia njia hizi na wametoka na majibu tofauti. Mwaka 2017 mpishi René Redzepi wa mgahawa wa Noma, Denmark, alihamishia jiko lake Tulum, Mexico, kwa wiki kadhaa, na tikiti ikawa dola 600 kwa mtu mmoja kabla ya kodi na huduma. Wenyeji wengi walikasirika, kwa sababu hawangeweza kula chakula kilichotokana na nchi yao wenyewe. Hata hivyo wanawake wa Kimaya kutoka kijiji cha Yaxunah ndio waliokuwa wakitengeneza mikate ya mahindi mbele ya wageni, wakilipwa na kutajwa kwa asili yao. Huko Helsinki, Finland, mwaka 2011 lilianza jambo la kinyume kabisa: siku maalumu ambayo mtu yeyote angeweza kufungua mgahawa kwa siku hiyo moja, barazani, dirishani au bustanini, mpishi wa nyumbani sawa na aliyesomea. Mfano wa Tulum unatufundisha kutaja na kulipa; ule wa Helsinki unatuonyesha kwamba kutodumu kunaweza kuwa haki ya kila mtu.

Kwa hiyo, nikiulizwa niko upande gani, nitasema niko upande wa migahawa ya muda, na nitaupinga wito wa kuipiga marufuku au kuitoza leseni ya mwaka mzima kwa kazi ya siku moja, kwa sababu hatua hizo zitamuumiza mhitimu wa Maseno na hazitamgusa mwenye fedha. Mikahawa ya branchi hainipi wasiwasi mwingi. Soko litaihukumu, na ile inayouza mapambo peke yake wateja wataihama wenyewe. Lakini uungaji mkono wangu kwa popapu una sharti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Bunge la Kaunti ya Kisumu lingeweza kuyatumia mamlaka hayo kuanzisha kibali cha siku chache, chenye ada ndogo inayolipwa kwa simu, chenye jina na anwani ya mtu wa kuulizwa endapo chakula kitaleta madhara au fedha za tikiti zitapotea, na kinachotolewa kwa masharti yale yale ya maji safi na cheti cha afya kwa mpishi wa Milimani na kwa mama wa samaki anayetaka kuweka jiko lake karibu na ziwa mwisho wa wiki. Afisa wa afya anayekagua turubai la mmoja akague na la mwingine.

Kuhusu ile supu, nilimwandikia mpishi wiki iliyofuata nikamwambia nilivyoliona suala la jina. Alijibu kwamba mara ijayo ataandika mgongo wazi, kwa herufi kubwa, na kwamba yule mama wa Obunga amekubali kuja kuupika mwenyewe, kwa malipo ya siku na nauli, mradi asivalishwe aproni nyeupe. Tikiti bado ni shilingi 2,500. Nimenunua moja, na mke wangu anaendelea kufikiria.